Tovuti nne nyuma ya mlango mmoja

Aliyenisukuma kuianza upya kazi hii ya kupanga usalama wa tovuti za ofisi yetu ni mhasibu wetu. Ni mama wa makamo, mwangalifu, mtu wa kuhesabu fedha mara mbili kabla hajasaini. Siku hiyo nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nikishughulikia printa, naye akafungua mfumo wa mikopo. Chrome ikamletea ukurasa wa onyo, pembetatu nyekundu, kwamba muunganisho si wa faragha. Hakusoma hata neno. Akabofya maneno madogo ya chini, akabofya tena, akaandika paswedi yake.

Nikamuuliza, "Mama, hilo onyo hulioni?"

"Si wewe uliyetuambia tubofye tu, mwanangu?"

Ni mimi, kweli. Mtu anayelinda akiba za walimu na manesi wa wilaya kadhaa nilikuwa nimemfundisha kupuuza alama pekee ambayo ingemwonya siku mwizi akisimama katikati. Usiku huo sikulala vizuri.

Sisi ni chama kidogo cha akiba na mikopo, Tanga mjini. Tuna seva moja yenye Windows Server 2019 Standard, na leseni yake inaruhusu mashine pepe mbili, yaani kompyuta mbili za kuigwa ndani ya seva hiyo, juu ya Hyper-V, programu ya Windows inayoziendesha. Ya kwanza inaendesha IIS, programu ya Windows ya kuhudumia tovuti, na tovuti zote. Ya pili ina hifadhidata tu, na haifikiki kutoka nje. Kompyuta nyingine ya zamani inashika majina ya watumiaji na DNS ya ndani, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Kwenda nje tuna rauta moja na anwani moja ya IP ya kudumu, tunayoilipia kila mwezi. Tovuti ni nne: ya chama, lango la wanachama la kuangalia akiba, fomu za kuomba mkopo, na mfumo wa mikopo wa wafanyakazi.

Tatizo lilikuwa hiyo anwani moja. Kila anwani ina poti, yaani namba za milango ya kuingilia, na 443 ndiyo ya kawaida ya tovuti salama. Poti 443 nilikuwa nimeipa mfumo wa mikopo, lango la wanachama nikaliweka 8443, fomu 8444. Mwanachama wa Lushoto anaandika anwani, anasahau nukta mbili na namba, hapati kitu. Mwingine anajaribu akiwa kazini kwake, mtandao wa huko umefunga poti zisizo za kawaida, naye hapati kitu. Wote wanapiga simu mapokezi.

Ili kuelewa kwa nini nilijifunga hivyo, fikiria nyumba ya kupanga yenye mlango mmoja wa mbele na wapangaji wanne. Kwa utaratibu wa zamani, mgeni anapiga hodi bila kusema anamtafuta nani, na aliye ndani lazima aonyeshe kitambulisho kabla ya kuulizwa jina. Seva ilikuwa hivyo: cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali cha tovuti, kinatolewa mwanzo kabisa wa mazungumzo, kabla kivinjari hakijataja tovuti kinayoitaka. Kwa hiyo anwani moja, poti moja, cheti kimoja. Teknolojia iitwayo SNI imebadilisha hodi yenyewe. Kivinjari kinapobisha tu kinataja jina la tovuti, na seva inatoa cheti cha mpangaji anayehusika. IIS imekuwa nayo tangu toleo la 8, lililokuja na Windows Server 2012, na kilichokuwa kikiwatisha watu, yaani Internet Explorer kwenye Windows XP kutoielewa, leo hakina uzito. Nilikuwa nimekaa na dawa ndani ya seva yangu miaka yote hiyo.

Vyeti nilichukua Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bila kutoza senti, kwa kutumia win-acme, programu ya kuviomba na kuvihuisha. Kila tovuti nikaiandikia jina lake kamili kwenye IIS, poti 443, na alama ya vema kwenye kisanduku cha SNI. Hapo nilifanya kosa la haraka. Let's Encrypt wanathibitisha kwamba jina ni lako kwa kugonga poti 80, ile ya tovuti zisizo na cheti, na mimi poti 80 nilikuwa sijaifungua kwenye rauta. Nikajaribu tena na tena, kama mtu anayetikisa kitasa cha mlango uliofungwa. Baada ya majaribio matano yaliyoshindwa ndani ya saa moja, jina hilo linazuiwa kwa muda. Win-acme ina njia ya kujaribia kwenye mazingira ya mazoezi. Anza huko.

Mfumo wa wafanyakazi niliufunga usikubali anwani za nje ya ofisi, nikahofu kwamba uthibitisho wake utakwama. Haukukwama. Win-acme kwa kawaida hujibu swali la uthibitisho yenyewe, kwa kushirikiana na IIS kwenye poti 80, bila kupita kwenye folda ya tovuti.

Vyeti vinne vikapatikana. Nikachukua simu, nikazima Wi-Fi, nikafungua lango la wanachama kwa bando langu. Onyo! Cheti kilichotokea kilikuwa kile nilichojitengenezea mwenyewe zamani kwa ajili ya mfumo wa mikopo. Nikafungua fomu: kilekile. IIS Manager inaonyesha kila kitu kiko sawa, simu inasema vingine.

Hili lilinila siku mbili, na ndilo ningependa sana mtu mwingine asipitie. Ukifungua dirisha la amri na kuandika netsh http show sslcert, Windows inakupa orodha ya kweli ya vyeti na mahali vilipofungwa. Katikati ya orodha yangu nikaiona 192.168.10.5:443, mstari niliouweka kwa mkono miaka ya nyuma na kuusahau. Windows ikipokea ombi huangalia kwanza kama kuna cheti kilichofungwa kwenye anwani na poti hiyo hasa. Kikiwepo, kinatolewa hicho, na majina ya SNI hayafikiwi. Mgeni anataja jina mlangoni, lakini kuna mlinzi wa zamani anayemjibu kabla mwenyeji hajasikia. Nikaandika netsh http delete sslcert ipport=192.168.10.5:443, nikafungua upya. Tovuti nne, makufuli manne.

Kwa watu wa nje kazi ilikuwa imekwisha. Ndani ya ofisi bado. Mhasibu akiandika jina la mfumo, DNS inampa anwani ya nje. Ombi linafika kwenye rauta yetu, na rauta hiyo haiwezi kuligeuza lirudi ndani. Ndiyo maana tangu mwanzo niliwapa wafanyakazi namba ya IP waiandike badala ya jina, na cheti cha jina hakiwezi kulingana na namba. Hata baada ya cheti cha kujitengenezea kuondoka, onyo lingebaki. Dawa yake ni DNS ya ndani kutoa anwani ya ndani kwa majina yaleyale. Mara ya kwanza nilitengeneza zoni, yaani orodha ya majina na anwani zake, ya domeni nzima (jina kuu la chama kwenye intaneti), na asubuhi barua pepe za ofisi zikagoma, kwa sababu zinakaa kwa mtoa huduma mwingine na zoni yangu mpya haikuwa na rekodi zake. Nikaifuta. Nikatengeneza zoni ndogo nne, kila moja ikibeba jina kamili la tovuti moja na rekodi moja tu ya anwani. Majina mengine yote yanaendelea kuulizwa nje kama kawaida.

Mambo mengine yalikuwa mepesi: kila tovuti ina kundi lake la programu na ruhusa kwenye folda yake peke yake, ili moja ikivamiwa isizisomee nyingine, TLS 1.0 na 1.1, njia za zamani za kusimba mawasiliano, nimezizima, poti 3389 ya kuingia kwa mbali haiko wazi kwa intaneti, na naomba yako pia isiwe wazi.

Siku ya kukabidhi niliketi na mhasibu, nikafuta njia ya mkato ya zamani kwenye kompyuta yake, nikamwonyesha jina jipya. Nikamwambia, "Mama, nilikufundisha vibaya. Kuanzia leo ukiona ule wekundu, usiguse kitu. Nipigie hata kama ni usiku." Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, nimekusikia."

Oktoba 2025 rauta iliharibika, tukaletewa nyingine. Fundi akarudisha poti 443, poti 80 akaisahau, na mimi sikukagua. Vyeti hivi huishi siku 90, na win-acme hujaribu kuvihuisha kuanzia siku ya 55. Ilishindwa siku baada ya siku kimyakimya. Barua pepe za tahadhari ambazo Let's Encrypt walikuwa wakituma walishazisitisha Juni mwaka huohuo, na mimi sikuwa nimeweka kitu badala yake. Jumatatu saa 2 na dakika 10 asubuhi, niko kwenye daladala, simu ikaita.

"Mwanangu, ule wekundu umerudi. Wanachama sita wako dirishani, nimewaambia wakae. Sijabofya."

Kufika, kufungua poti na kuhuisha vyeti vyote kulichukua dakika 25. Mchana huo niliandika skripti ya PowerShell inayozifungua tovuti zote nne kila asubuhi, inasoma tarehe ya mwisho ya kila cheti, na kunitumia barua pepe kukibaki chini ya siku 25. Kisha nikawasha HSTS, agizo linalokiambia kivinjari kifungue tovuti kwa njia salama tu kwa muda uliotajwa, ambayo IIS ya Server 2019 inayo tayari kwenye mipangilio. Nilianza na siku moja. Wiki ilipopita bila tatizo nikaongeza hadi miezi sita. Sasa cheti kikiharibika, kivinjari kilichowahi kufungua tovuti hizo hakionyeshi kabisa yale maneno madogo ya chini ya kuendelea.