Ripoti mbili za nyumba moja

Mimi na baba watoto tulikuwa tumeachana, na ili tugawane nyumba ilibidi kwanza bei yake ikadiriwe na mthamini. Wa kwanza alikuja asubuhi na mapema. Nilikuwa nimedeki nyumba nzima, utadhani usafi unaongeza bei. Alipima sebule kwa futikamba, akapiga picha doa la maji kwenye dari ya jikoni, akapitisha kidole kwenye ufa wa ukuta wa nyuma. Kisha akafungua stoo. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja, maana miezi sita ya mwisho baba watoto alilala humo. Alitazama dirisha, akapima, akaandika: "Chumba cha kulala cha nne." Nilitoka nje nikalia.

Wiki iliyofuata baba watoto akaleta ripoti yake. Thamani yake ilikuwa chini ya yangu kwa karibu robo nzima. Niliapa kwamba amemhonga mtu, nikawaambia hata ndugu zangu. Nilimkosea, na hilo bado linanichoma.

Wakili wangu hakuanza na bei. Alifungua ukurasa wenye madhumuni ya uthamini. Yangu ilitaja thamani ya soko, yaani bei ambayo muuzaji asiye na haraka na mnunuzi asiyelazimishwa wangekubaliana. Ya mwenzangu ilifanywa kwa ajili ya mkopo, na tarakimu aliyoishika ilikuwa ya mauzo ya lazima, pale nyumba inapouzwa upesi ili deni lilipwe. Tena ilikuwa ya miaka miwili nyuma, mwezi tulipotengana. Sheria hazifanani: kuna mahali huangaliwa thamani ya siku ya kutengana, kwingine ya siku ya shauri. Muulize wakili wako tarehe ipi inahesabika kabla hujamlipa mthamini yeyote. Mimi nililipa kwanza, nikauliza baadaye.

Mwishowe tulikubaliana mthamini mmoja, gharama nusu kwa nusu, nyaraka zilezile mbele yetu wote. Alitafuta nyumba za karibu zilizouzwa siku za karibuni, akazilinganisha na yetu: iliyotuzidi bafu akaipunguza bei, yenye kiwanja kidogo akaiongeza. Jiko nililolikarabati kwa akiba yangu ya miaka halikurudisha hata nusu ya nilichotumia. Niliumia sana. Lakini mthamini haulizi ulitumia kiasi gani, anauliza mnunuzi atatoa kiasi gani.

Na bei hiyo siyo mnayogawana. Kama nyumba ina thamani ya 100 na deni la benki ni 40, kilichopo ni 60. Mkigawana sawa, kila mmoja ana 30. Anayebaki na nyumba humlipa mwenzake hiyo 30 na kulibeba deni. Hapa nawasihi dada zangu na kaka zangu: kufuta jina kwenye hati hakulifuti kwenye mkopo. Benki itaendelea kukudai mpaka yenyewe ikubali kwa maandishi kukutoa.

Siku ya mthamini wa pamoja tulisimama wote wawili koridoni. Alipofika stoo akaingia, akapima, akauliza, "Hiki ni chumba cha kulala?" Tulitazamana. Baba watoto ndiye aliyejibu: "Ndiyo, ni cha kulala."