Nilivyomlinda mama na corona kwenye nyumba ya kupanga Mbagala

Kaka yangu anaishi Uingereza. Siku mgonjwa wa kwanza wa corona alipotangazwa Tanzania, Machi 16, 2020, sauti zake za WhatsApp zilianza kumiminika jioni ileile. "Mtengeni mama. Apewe chumba chake na choo chake, na nyie msitoke." Nampenda sana kaka yangu, ila naona ameshasahau tulikolelewa. Sisi tuko Mbagala, nyumba ya korido, vyumba sita, choo kimoja uani, na foleni ya kuoga inaanza kabla ya adhana ya alfajiri. Choo cha mama peke yake nikichimbe wapi, sebuleni kwa mwenye nyumba? Mimi nauza vitenge kwenye duka la mtu Kariakoo. Siku nisipotoka, jiko haliwaki.

Bahati nzuri nchi haikufungwa. Shule zilifungwa kesho yake, watoto wote wakahamia kwenye korido yetu, lakini masoko, misikiti na makanisa viliachwa wazi. Kwenye daladala ikaja amri ya level siti, abiria wote wakae, asisimame mtu. Anayekijua kituo chetu cha Rangi Tatu asubuhi anajua kilichofuata. Ndani ya gari watu wamekaa kama wako harusini, nje sasa! Wale ambao zamani wangening'inia mlangoni wote wako chini wanagombania dirisha la gari linalofuata, jasho kwa jasho, pumzi kwa pumzi. Nilianza kutoka gizagiza ili nikute magari hayajachangamka. Usingizi niliupoteza, ila siti ya dirishani nilikuwa naipata.

Shida yangu kubwa haikuwa daladala. Ilikuwa mikono ya mama.

Mama ana miaka sabini na ushee, ana presha na sukari. Ni mtu wa Rufiji, na ndiye mkubwa kuliko wote pale nyumbani. Akishakaa barazani asubuhi, nusu ya mtaa inapita kumpa mkono: mtoto aliyetumwa mkaa, muuza samaki, ustadhi, konda anayerudi kulala. Wengine wanambusu kiganja kabisa. Nikamwambia, "Mama, kipindi hiki watu wakuamkie kwa mdomo tu." Akanikata jicho. "Mtu aniambie shikamoo nimtumbulie macho? Mimi sanamu?"

Ushauri nilipewa wa kila aina. Wa kwanza ulikuwa ndoo ya koki mlangoni, na huo haukuwa mbaya, isipokuwa waliokuwa wanaushauri hawajawahi kuishi na wapangaji. Ndoo zilikuwa zimeshapanda bei, na ukijumlisha koki, stuli na beseni la chini, ilinitoka kama elfu ishirini na kitu. Wiki ya kwanza haijaisha, kipande cha sabuni kinapotea kila siku. Nikirudi kazini nakuta mtu ameoshea vyombo, mtoto ameoshea kandambili, na ndoo ya maji tunanunua! Sabuni niliitafutia dawa: niliitumbukiza kwenye kipande cha ule wavu wa kufungia vitunguu, nikaining'iniza kwenye msumari kwa waya. Unaisugulia humohumo ndani ya wavu, inatoa povu zuri, na ukitaka kuiiba uje na koleo. Maji sikuyaweza. Mwishowe nilijaza nusu ndoo tu, nikakubali hasara.

Ushauri wa pili alitoa mwenye nyumba: bandika karatasi mlangoni, "Hatupeani mikono." Nikabandika. Shangazi akaja kutoka Kigamboni, kapanda pantoni, kaunga daladala mbili, kafika mlangoni, kasoma, kageuza. Jioni simu zikaanza kuita kutoka kila upande wa ukoo kwamba nimejifanya Mzungu na ndugu zangu nawaona uchafu. Kumrudisha shangazi kulinigharimu doti ya kitenge. Karatasi niliichana siku hiyohiyo.

Nikaanza kufikiri kwa akili ya kwetu. Ni lini Mswahili anamwamkia mkubwa bila kumpa mkono na asionekane hana adabu? Ni pale mkubwa mwenyewe mikono yake imeshikwa na kazi. Nikamwekea mama dagaa awachambue barazani. Wapi! Watu wakaona ana shombo, wakawa wanamshika juu ya kiganja, kwenye kifundo, na yeye anawanyooshea kabisa.

Ndipo nikakumbuka ukili, ule mkanda mrefu wa ukindu unaosukwa kisha unashonwa kuwa mkeka. Enzi zake Rufiji mama alikuwa msukaji wa mikeka wa kusifiwa, aliacha tu alipohamia mjini. Nikaagiza ukindu kwa binamu, ukaja mzigo kwenye buti la basi, na rangi ya zambarau na kijani nikanunua mwenyewe Kariakoo. Sikumwambia ni kwa ajili ya corona. Nilimwambia kuna mteja anataka mkeka, jambo ambalo wakati huo halikuwa kweli, na Mungu anajua nia yangu.

Jamani, ungemwona! Anaulowesha kidogo usikatike, anaupasua kwa kucha, halafu vidole vinaanza kupishana kwa kasi ambayo sikuwa najua bado anayo. Aliyeshika ukili hauachii ovyo, maana ukiuachia unafumuka na kazi inarudi nyuma. Kwa hiyo mtu akija na mkono wake, mama mwenyewe ndiye anayesema, "Marahaba mwanangu, unaniona mikono imeshikwa." Na mgeni anajibu, "Usijisumbue mama, endelea na kazi." Heshima iko palepale, hakuna aliyenuna. Zaidi ya hapo, ukili wenyewe unarefuka. Mama alikuwa anautandaza mbele yake barazani, na mtu mwenye adabu zake haukanyagi wala hauruki. Hiyo mita moja waliyokuwa wanaitangaza redioni, mama yangu aliipima kwa ukindu bila kujua. Shangazi alipokubali kuja tena alikaa ng'ambo ya ukili na kusifia rangi.

Mkeka wa kwanza uliuzwa kwa mama wa chumba cha mbele, kwa bei ya kirafiki mno. Wa pili nikaupeleka Kariakoo na ndoo yangu ikarudisha fedha zake.

Kwenye nyungu tulishindana kidogo. Mtaa mzima ulikuwa unajifukiza, majani ya mkaratusi na mchaichai yanauzwa kama mchicha, limao na tangawizi ndiyo usiulize bei. Sikubishana na mtu, lakini mama mwenye presha sikumfunika blanketi juu ya sufuria la maji yanayochemka, ndani ya chumba chenye watoto wanaokimbia. Kijana wa chumba cha nyuma aliungua paja hivyohivyo. Mama nilimpa chai ya tangawizi, akaridhika.

Mei ilipofika takwimu zikakoma kutolewa, za mwisho zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21. Rais Magufuli alikuwa ameshasema kwamba papai na mbuzi vilipimwa vikakutwa na corona, na muuza matunda wetu alitaniwa mpaka akaacha kuleta mapapai. Mtaani tukabaki kuhesabu kwa maturubai. Mwanzoni mwa 2021 yaliongezeka, na mtu hasemi marehemu aliumwa nini.

Hapo ndipo niliumia kichwa kweli. Mzee wa nyumba ya tatu alifariki, aliyemkopesha mama hela ya hospitali nilipozaliwa. Kaka akasema kwa mkato, "Msiende." Mbagala mtu asiyekwenda msibani, siku yake azikwe na nani? Na nikimpeleka mama, nikarudi nikamuuguza, nitamwambia nini? Sikupata jibu safi, nilipata la kuishi nalo. Mkono wa pole tuliutuma kwa simu mapema, ili isiwe lazima kuingia ndani kuukabidhi. Tulivaa barakoa za kitenge, wenyewe tunazishona kutokana na vipande vya dukani, tukakaa kwenye viti nje ya turubai, upande upepo unakotokea, na sahani ya pilau hatukuigusa. Waliosema tumeringa, wamesema.

Chanjo ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Julai 28, 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani Ikulu, mama akiwa mbele ya televisheni. Alikuwa amesikia maneno yote ya mtaani, lakini alisema mwanamke mwenzie, mtu mzima, amefunua bega mbele ya nchi nzima, yeye ni nani aogope. Ilikuwa ile ya Janssen, sindano moja basi. Kesho yake mkono ulimuuma, akauonyesha kila aliyepita, na wiki hiyo akatoka na wanawake watatu wa korido yetu kwenda nao zahanati.

Mwenye nyumba hajachanja mpaka leo. Kodi tu ndiyo kapandisha.