Kisigino cha soksi

Soksi zangu huanza kuchakaa kisiginoni, na chanzo chake nakikanyaga kila siku. Tangu lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, mnamo Januari 2002, vichochoro vyetu vingi vimelala juu ya mawe meusi yenye makali, na changarawe yake, ikishapenya ndani ya kiatu, husugua soksi kama msasa.

Kwa miaka mingi nilizishona vibaya. Nilikutanisha kingo za tundu, nikazivuta kwa uzi wa nailoni na kupiga fundo nene. Siku moja nilitembea kwa miguu kutoka Ndosho hadi Birere, na mshono ule ukanitoa lengelenge lililonivalisha kandambili juma zima. Shangazi yangu aliponiona nikichechemea alicheka, akasema nimeshona gunia.

Ni yeye aliyenionyesha kwamba tundu la soksi halivutwi, bali hufumwa upya. Soksi ifuliwe kwanza, kisha ampuli ya taa iliyoungua iingizwe hadi kisiginoni ili kitambaa kitandazike (jiwe la Goma halifai, kwa kuwa linanasa nyuzi). Uzi wa pamba, wenye unene unaokaribia ule wa soksi yenyewe, uanzie kama sentimita moja nje ya tundu, pale ambapo kitambaa bado kina nguvu, na usifungwe fundo: ncha yake huachwa ndefu, ikaja kufichwa kati ya mishono. Nyuzi za kwanza huvuka tundu zikiwa zimelala sambamba; huo ndio mtande. Halafu sindano hupita juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata, na inaporudi hubadilisha zamu, mpaka mshindio, yaani nyuzi hizi za kukingama, ujae. Katika kila kona huacha kitanzi kidogo, kwa sababu uzi mpya wa pamba hunywea ukifuliwa, na kiraka kilichokazwa huirarua soksi pembeni mwake.

Siku hizi sisubiri tundu. Nikiinua soksi dirishani na kuona mwanga ukipenya kisiginoni, huiimarisha hapo hapo, kazi ya dakika chache tu. Rangi hainisumbui: jozi yangu ya kijivu ina visigino vyekundu, na ndani ya kiatu havionekani, isipokuwa ninapovua viatu mlangoni kwa shangazi, ambaye huinama kuvikagua kabla hajanikaribisha chai.