Wa sindano

Mama kapiga simu jana magharibi. "Mwaka huu watoto wa kwetu wanaingia jandoni. Shule zikifungwa Juni niletee mume wangu." Mume wake ni mwanangu, ana miaka minane. Nikamjibu nitampigia baadaye, maana mke wangu alikuwa palepale anachambua mchele, na ungo ulikuwa umeacha kulia.

Mtoto naye, kama aliyetumwa, akainua macho kwenye picha iliyoko ukutani juu ya kochi.

"Baba, ule mti ulianguka?"

Si mti. Ni tawi.

Ilikuwa 2010, mwaka ule Daraja la Umoja, la kuvukia kwenda Msumbiji, lilipofunguliwa kule Mtambaswala. Mimi na kamera ya kuazima tulikuwa tunazunguka mkoa mzima wa Mtwara kupiga picha za vizuizi. Nilikuwa na umri ambao mtu akikuambia neno "maonyesho" unaacha kazi. Shangani nikapiga ukuta uliochomekwa vigae vya chupa. Mikindani nikapiga wando maji yakiwa yamekupwa, fito zimesimama matopeni na samaki wawili wamebaki ndani wanashangaa. Geti la mazao nililipiga kwa kificho nikiwa ndani ya basi, ikatoka picha ya kisogo cha kondakta. Kilambo sikuambulia kitu: mpaka wenyewe ni Mto Ruvuma, na Ruvuma ukiupiga picha ni mto tu, watu wanavuka kwa mitumbwi na kuku wao na magodoro yao. Darajani nikaambiwa kamera irudi begini. Mita 720 za kupitisha watu, na kizuizi nilichokiona pale kilikuwa kidole cha mtu mmoja. Nacho sikukipiga.

Newala nilipanda kwa ajili ya Shimo la Mungu. Ukisimama ukingoni nchi inakatika ghafla, bonde la Ruvuma liko chini huko, na ng'ambo Msumbiji imelala kwenye ukungu. Nikajisemea, hiki sasa ndicho kizuizi. Bibi zetu walikuwa wakishuka miteremko ile kufuata maji, kwa sababu juu uwandani hakuna mito. Lakini wazee walivumilia kiu ile, kwa kuwa vichaka vya juu vilikuwa vizito kiasi kwamba mkamata watumwa asiyezijua njia alikuwa anaishia nje. Nilipiga picha arobaini. Jua la saa saba likaziua zote.

Basi nikashika njia ya mkato katikati ya mikorosho, nikamsalimie mjomba kijijini kwao mama.

Tawi lilikuwa limelazwa kukingama njia. Halikuwa kubwa, halikufika hata gotini. Majani yake yalikuwa bado mabichi, yaani lilikatwa asubuhi ileile na huenda jana yake lilikuwapo jingine. Nyuma yake njia iliendelea kama kawaida, mchanga mwekundu, inapinda kulia, inaingia kichakani. Kutoka huko ilikuja sauti ya watoto wakiimba. Mmoja anaanzisha, wengi wanapokea, kisha kimya, kisha kicheko cha mtu mzima.

Chini ya mkorosho alikuwapo mzee anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe wa wapi?"

"Mtwara, babu."

"Mtwara kuna bandari. Nakuuliza wewe wa wapi."

Nikamtaja mama, nikamtaja na mama yake mama. Akaitikia kwa kichwa, keshajua.

"Ulitiwa jando wapi?"

"Hospitali, babu."

Panga likasimama juu ya mpini. "Aaa," akasema, wala hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu aliyekipata alichokuwa anakitafuta mfukoni. "Wa sindano."

Nikamuuliza kama naweza kupita.

"Kwani mimi nimekukataza? Mwanamke hapiti. Asiyetiwa hapiti. Aliyetiwa anapita, na anajua la kusema akifika. Wewe..." Akanitazama kuanzia viatu mpaka kamera. "Wewe sijui nikuweke wapi." Akarudi kwenye mpini wake.

Nilisimama pale. Sijui ni dakika ngapi, ila jasho lilinishuka likakaukia mgongoni na siafu wakanipanda. Baba alikuwa mtu wa afya. Yeye mwenyewe alitiwa jando porini, na alikataa wembe mmoja kwa watoto kumi, nami nikapelekwa hospitali ya Ligula nikiwa na miaka sita, nikapewa soda. Sikuwahi kuiona kasoro yoyote katika hilo. Hata pale sikuiona. Nilikuwa naangalia tu mguu wangu wa kulia, ambao niliuambia uende na haukwenda.

Akapita mama mmoja na ndoo ya maji kichwani. Alipofika kwenye tawi hakupunguza mwendo wala hakuligeuzia macho. Alikata kushoto tu, akaingia mikoroshoni, na hapo ndipo nikaona kuna kinjia kingine, kimekanyagwa mpaka kimeng'aa. Kilikuwapo muda wote.

Nikainua kamera, nikapiga mara moja. Mzee hakusema neno. Kisha nikamfuata yule mama kwenye kinjia chake, kamera nimeificha chini ya shati kama mwizi wa nazi. Kwa mjomba nilikula ugali na kisamvu, nikaulizwa habari za mjini, nikazitoa. Habari ya tawi sikuitoa.

Maonyesho yenyewe yalifanyika Dar, siku tatu. Watu walisimama zaidi kwenye meza ya vitumbua. Picha moja tu ndiyo iliyonunuliwa, ile ya vigae vya chupa. Mnunuzi alitaka akamwonyeshe fundi wake. Mbele ya tawi alisimama bwana mmoja akaniuliza kwa upole ujumbe wake ni nini. Nikajibu kitu kirefu. Nakumbuka nilitumia neno "utambulisho." Mungu anisamehe.

Mama anasema siku hizi mganga wa zahanati anakwenda hukohuko kumbini na boksi lake, kila mtoto na wembe wake. Mke wangu, mtu wa Tanga, anauliza basi kama mganga ni yuleyule, porini wanafuata nini? Swali zuri. Wa kulijibu ni aliyepita njia ile.

Mtoto jana alipanda kwenye kochi na soksi zake, akaisogelea picha mpaka pua ikagusa kioo. Pembeni chini kuna kitu cheusi ambacho watu wengi hawakioni.

"Hiki kiatu chako?"

"Changu."

"Mbona kiko huku?"

Nikamwambia ashuke kwenye kochi, akanawe mikono. Mama bado sijampigia.