Ndevu za Mandara

Tulitoka lango la Marangu kupanda Kilimanjaro saa nne asubuhi. Tulipokaribia Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, mita 2,720, nguo zilikuwa zimelowa na mvua haijanyesha, ukungu tu. Hapo nikaona miti imeota ndevu: nyuzi za kijani kilichopauka, zinaning'inia kila tawi. Nikachomoa kishungi, nikakitia mfukoni.

"Rudisha hiyo, kaka," mmoja wa wagumu waliotubebea mizigo akaniambia. "Hifadhini hatutoi hata jani."

Nikajitia ujuaji: si jani. Ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaokaa pamoja. Kuvu hujenga nyumba, mwani hupika kwa mwanga wa jua. Ndevu hizi zinaitwa Usnea, na kwa kanuni za wataalamu jina hilo ni la kuvu peke yake; mwani ana lake. Mswisi Simon Schwendener aliposema miaka ya 1860 kwamba humo mna viumbe wawili, wenzake walimpinga vikali.

Mgumu akacheka. Kwao ni Usangu, Mbeya. "Basi kama kakakuona wetu. Magamba kama samaki, halafu ananyonyesha. Wazee walisema ameshuka kutoka mbinguni."

Wataalamu nao walibabaika. Kwa kuwa hana meno na anakula mchwa na siafu, walimweka kundi moja na wala mchwa wa Amerika, mpaka vinasaba vikaonyesha kwamba jamaa zake wa karibu ni kina simba na paka. Ukoo wake umebaki na spishi nane, na zote zimo hatarini. Tangu Januari 2017, CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, imepiga marufuku biashara ya kimataifa ya zote nane, lakini Aprili 2019 Singapore ilikamata zaidi ya tani 25 za magamba ndani ya wiki moja. Na magamba yenyewe ni keratini, kitu kilekile cha kucha zangu!

Ndevu hazina mnunuzi wa namna hiyo, na kuvumwani waliokwisha kupimwa kwa Orodha Nyekundu ya IUCN, orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, ni wachache mno. Adui zao ni moshi wa viwanda na moto.

Kesho yake, njiani kwenda Horombo, kituo cha pili, tulipita Whona, ulikoanzia moto wa Oktoba 2020. Vigogo vyeusi vilikuwa bado vimesimama, havina hata unywele. Kishungi nilikuwa nimekirudisha jana ileile, lakini nilipotafuta leso mfukoni, vidole vilitoka na uzi mmoja wa kijani. Mgumu aliuona. Hakusema kitu.