Hogo na aljebra

Jumapili, usiku

Wiki ya tano leo tangu binti yangu avunjike mguu. Bodaboda, mvua, ile kona ya kuingia mtaani kwetu. Sina hamu ya kuisimulia tena. Kafungwa hogo mpaka juu ya goti, daktari kasema wiki nane, na kupanda daladala na magongo asubuhi ile watu wanavyogombania mlango haiwezekani. Yuko kidato cha pili. Upimaji wa taifa wa mwisho wa mwaka unamsubiri, awe na hogo asiwe nalo.

Masomo mengine hayajanisumbua. Rafiki yake huleta madaftari kila Ijumaa, mwenyewe ananakili. Lakini hesabu ukiazima daftari umeazima majibu ya mwenzio tu. Ndipo tukaangukia kwenye video. Naamka saa saba usiku, kifurushi cha usiku kikiwa rahisi, napakua nne au tano, asubuhi anazikuta kwenye simu yangu. Simu hiyo hiyo ndiyo ya wateja wa cherehani. Jana mwenye gauni la kichen pati kapiga mara tatu katikati ya somo, na kila akikata, mwalimu inabidi aanze upya.

Huyo mwalimu ni Sal Khan wa Khan Academy, masomo ya bure ya mtandaoni. Ubao mweusi, kalamu za rangi, sauti isiyo na haraka, uso hauonekani. Alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake kwa simu, yeye yuko Boston, binamu yuko New Orleans, huko huko Marekani. Video akaanza kuziweka YouTube mwaka 2006, na anasimulia mwenyewe kwamba binamu zake walimwambia wanampenda zaidi huko kuliko ana kwa ana. Naamini kabisa. Video haikunji uso ukiirudisha mara ya nne. Mimi nakunja, najijua.

Ila video nayo haioni. Jana tulikuwa kwenye milinganyo yenye kipeo cha pili, ile njia ya kukamilisha mraba. Kaangalia mara mbili, anatikisa kichwa kama anayesikiliza mahubiri. "Umeelewa?" "Nimeelewa, mama." Nikaifunika simu, nikamwandikia hesabu ile ile: x² + 6x = 7. Kalamu ikaandika mstari wa kwanza, ikasimama.

"Hapa anaongeza tisa," akasema.

"Kwa nini tisa?"

"Si kwa sababu yeye kaongeza tisa?"

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Hesabu kidato cha nne nilipata F mimi, na darasani kwetu sikuwa peke yangu. Tisa ile hata mimi sikuwahi kuambiwa inatoka wapi. Kwa hiyo nikamwambia aniambie kwa Kiswahili, kama ananielekeza kushona. Mraba ni nini? Akasema ni x mara x. Hapo nikakaa sawa, maana mraba naujua: ni kitambaa chenye pande zote sawa.

Nikachukua karatasi ya kaki ninayochorea ramani za nguo, nikakata mraba bila kuupima. Huo ndio x². Halafu 6x: kipande chenye urefu sawa na upande wa mraba, upana sentimita sita. Nikakikata katikati kwa urefu, vikawa viwili vya upana wa tatu tatu. Kimoja nikakibandika kulia, kingine chini. Fundi yeyote angeona haraka kwamba mraba mkubwa umekaribia kutimia, ila kona moja ina pengo. Sikusema kitu. Aliitazama ile kona, akachukua rula, akapima pengo. Tatu kwa tatu.

"Kumbe tisa ni kiraka!"

Kiraka. Neno hilo katoa yeye. Ukitia kiraka huku, tia na huku: saba na tisa, kumi na sita. Mraba mkubwa wenye upande x + 3 una eneo la 16, basi upande ni 4, toa 3, x ni 1. Akamaliza mwenyewe na nyingine nne bila kuigusa simu.

Kisha akanigeuzia kibao. Akasema jibu la pili ni hasi saba, maana hasi nne ukiizidisha kwa yenyewe nayo ni 16, na hasi nne toa 3 ni hasi saba. Nikauliza kitambaa cha urefu hasi saba kinauzwa duka gani. Karatasi yangu iliishia hapo, yeye akaendelea.

Usiku, nikisubiri saa saba, nikasoma kidogo. Kumbe njia yangu ya mkasi ni ya zamani. Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad, karne ya 9, alichora vilevile kwa x² + 10x = 39, akapata 3. Jibu la pili, hasi 13, hakuliandika, kwa hiyo hata yeye karatasi ilimwishia. Na neno aljebra limetoka kwenye jina la kitabu chake, al-jabr, kurudishia kilichopungua. Waarabu hulitumia hilo hilo kwa kuunga mfupa uliovunjika.

Nilipomwambia asubuhi alitazama mguu wake muda mrefu. Hogo lote limejaa sahihi za wenzake, mioyo, na mmoja kamchora bodaboda. Akaomba kalamu ya wino mzito, na juu kidogo ya kifundo, palipobaki peupe, akaandika (x + 3)². Jumatano ni kliniki. Daktari akiuliza, atajibu mwenyewe.

Usiku huu napakua video za kanuni ya jumla ya milinganyo hiyo. Na mkono wa gauni la kichen pati itabidi niuchore upya kesho mapema kabla mwenyewe hajapiga, maana ile ramani ndiyo tuliyoikata mraba.