Kukadiria bei kwenye mia iliyo karibu: kwa nini 1,250 ilishuka
Shangazi anauza dagaa kwa kupima hapa Ngamiani, Tanga. Programu niliyomwandikia kwa Python, lugha ya kuandikia programu, hukadiria kila bei kwenye mia iliyo karibu, maana chenji ya hamsini inasumbua. Akanionyesha kituko: 1,350 inapanda 1,400, lakini 1,250 inashuka 1,200. “Mwanangu, hii mashine inanipunja.”

Haipunji. Katika Python 3, amri ya kukadiria ni round, na -2 katika round(1250, -2) maana yake kwenye mia. Ikikuta namba iko katikati kabisa huipeleka kwenye mia yenye tarakimu shufwa: 12, si 13. Nia ni njema, kupanda na kushuka vifidiane kwenye hesabu ndefu. Lakini sisi shuleni tulifundishwa tano inapanda, na wateja wa shangazi pia.

Nikaiacha round, nikaandika:

(bei + 50) // 100 * 100

Unaongeza nusu ya thamani unayotaka, unagawanya na kutupa baki, kisha unazidisha. 1,250 inatoa 1,300. 1,249 inabaki 1,200. Ukitaka kwenye hamsini, weka 25 badala ya 50, na 50 badala ya 100. Bei zetu ni namba kamili, hakuna desimali za kuleta vurugu. Ila angalia namba hasi, mfano fedha za kumrudishia mteja: -1,250 itatoa -1,200, si -1,300. Mimi huondoa alama ya kutoa kwanza, nakadiria, halafu nairudisha.